Riwaya ya Kamishna Llob na Khitilafu za Wasomaji Wake



Kuna kitabu kimekuwa kikizunguka mtaani kwetu tangu Mfunguo Tatu, kikitoka nyumba hii kikiingia ile, mpaka jalada lake limebanduka na kutiwa gundi mara mbili. Si kitabu cha fiqhi wala cha tarikhi. Ni riwaya ya polisi. Kilikuja katika sanduku la mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza, akakiacha, na tangu hapo baraza letu la baada ya Isha halina kauli moja. Yuko aliyesema kitiwe moto. Yuko aliyesema kifasiriwe kwa Kiswahili na kila kijana akisome. Nami nikaombwa nitoe hukumu, kwa kuwa wengi wao niliwasomesha juzuu. Na anayeombwa hukumu juu ya kitabu haimjuzii kusema kabla hajakijua. Basi nikasomewa chote na binti yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, yeye akisoma Kiingereza na mimi nikimkatiza kila maneno yaliponipita. Yalinipita mengi, kwani mwandishi huyu ni fundi wa kejeli na matusi.

Kitabu chaitwa Morituri, neno la Kilatini lenye maana ya wale wanaokwenda kufa. Kiliandikwa kwa Kifaransa kikatoka Paris mwaka 1997, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 2003. Mahali pake ni mji wa Algiers katika miaka ile ambayo watu wa nchi hiyo wenyewe huiita muongo mweusi. Kwa faida ya wasomaji vijana nakumbusha yaliyopita. Tarehe 26 Disemba 1991 palipigwa kura Aljeria, na chama kilichosimama kwa jina la Uislamu kikaongoza katika duru ya kwanza. Januari 1992 wakubwa wa jeshi wakaivunja kura hiyo kabla ya duru ya pili. Yaliyofuata ni karibu miaka kumi ya damu, na hesabu inayotajwa sana ni ya watu 150,000 waliokufa, na wako wanaotaja zaidi. Waliuawa askari, waliuawa waandishi wa magazeti, waliuawa walimu, na katika mwaka huo huo wa 1997 kilipotoka kitabu, watu wa vitongoji vya Rais na Bentalha, wake na watoto, walichinjwa usiku majumbani mwao.

Ndani ya mji huo mwandishi amemweka kamishna wa polisi, Brahim Llob, mtu wa makamo, mwenye mke mmoja anayempenda, na ambaye naye hutunga riwaya anapopata wasaa. Kila asubuhi kwake kutoka nje ni safari ya hofu. Huitazama njia, humtazama jirani, hulitazama gari lililoegeshwa, kwani polisi wakati ule alikuwa akiwindwa kama ndege. Siku moja aitwa na bwana mkubwa wa zamani, tajiri aliyekuwa na sauti katika serikali, amtafutie binti yake aliyepotea. Bwana huyo aitwa Ghoul Malek. Msomaji ajuaye Kiarabu hahitaji kuambiwa kuwa ghul ni zimwi. Llob atafuta, na katika kutafuta apitia vilabu vya usiku vya wenye pesa, apitia maiti za wenzake, akutana na habari za muuaji anayewinda watu wenye elimu na kalamu, na kila uzi anaouvuta haumpeleki kwa maskini mwenye ndevu aliye msituni peke yake. Warudi nyuma, mpaka kwenye majumba yenye bustani, hata mlangoni pa yule yule aliyemtuma.

Hapa nitasema jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nasomesha chuoni nilimnyang'anya mwanafunzi kitabu alichokificha chini ya juzuu. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kile kilichotoka mwaka 1960. Nilimchapa, Mungu anisamehe, kisha usiku nikakisoma chote kwa taa ya chemni, na sikumrudishia mpaka nilipomaliza. Bwana Msa na kiko chake humtuliza msomaji: yatokea mauaji, watu wapotea njia, yeye akaa akafikiri, na mwisho akili yashinda na mji warudi kama ulivyokuwa. Mwenye kuingia katika kitabu cha Llob kwa kutaraji raha hiyo atarudi mikono mitupu. Kule anayejua ukweli hana wa kumshitakia. Na katika kitabu kilichofuata mwaka 1998, L'Automne des chimères, kamishna huyu afukuzwa kazi kwa sababu ya kuandika riwaya, na mwisho auawa.

Sasa nije kwenye khitilafu.

Aliyetaka kitabu kichomwe ni mzee wangu mmoja, karani mstaafu wa bandari, mtu wa safu ya kwanza msikitini, na alisema hivyo kabla hajafungua ukurasa. Hoja yake ni kuwa kitabu kinachomwonyesha mwenye kutaja jina la Mwenyezi Mungu naye anakata watu shingo ni kitabu cha kuutukana Uislamu, na kwamba Wafaransa hawakukipenda ila kwa hayo. Mwandishi amemwita yule muuaji wa wasomi Abou Kalybse, ambalo ni neno la Kizungu la mwisho wa dunia lililovishwa kanzu ya kunia ya Kiarabu. Mzee wangu aliposikia hayo alighadhibika: Abu Bakr ni Abu, Abu Huraira ni Abu, leo Abu amekuwa mchezo!

Nimemwelewa, walakin sikukubaliana naye. Mambo ya kutungwa yanayomfedhehesha mnafiki hayakuletwa na Wafaransa. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat ambazo maulamaa wamezisomesha na kuzisherehesha kwa karne nyingi, na ni nani aliye mbele katika kitabu hicho? Ni Abu Zayd wa Saruj, tapeli mwenye ulimi wa asali. Katika maqama ya kwanza tu awawaidhi watu mpaka walie, achukua sadaka zao, kisha anayemfuata nyuma amkuta pangoni na nyama ya kuchoma na mtungi wa ulevi. Hakuna aliyesema al-Hariri ameutukana mimbari. Walielewa kuwa aliyetukanwa ni mwenye kuipanda kwa kula. Na huyo pia aliitwa Abu.

Kijana wangu mmoja, fundi wa simu, alikuja na hoja iliyonipa kazi zaidi. Yeye alikisoma mara mbili. Akasema: "Sheikh, mimi sina neno na wabaya wa kitabu hiki, neno langu ni na mwema wake. Huyu polisi mbona katakaswa hivi? Achoka, ahuzunika, ampenda mkewe, asema kweli. Nani aliyemwandika?" Hapo mpwa wangu, aliyekuwa akisikiliza kwa simu kutoka huko aliko, akacheka, akatusimulia habari ya mwandishi.

Jalada lasema Yasmina Khadra, na majina hayo ni ya mwanamke. Kitabu kilipotoka Paris wasomaji walijua kuwa hili ni jina la kujifichia, na punde ikaenea kuwa nyuma yake yumo mwanamke wa Aljeria. Wakakisoma kwa jicho hilo: angalieni ujasiri wa mwanamke wa Kiislamu! Mwaka 2001 mwenyewe akajitokeza. Ni mwanamume, Mohammed Moulessehoul, aliyezaliwa mwaka 1955 huko Kenadsa upande wa jangwa. Baba yake alimpeleka shule ya kijeshi akiwa na miaka tisa, na hakutoka jeshini mpaka mwaka 2000. Alikuwa afisa, na katika vita vile alikuwa katika wenye kupigana. Majina yale ni ya mkewe, aliyemruhusu kuyatumia, kwani jeshi lilikuwa limetoa amri ya kumtaka apitishe kila anachoandika mbele ya kamati yao.

Ilipojulikana hivyo mizani ya wasomaji wengi ikageuka. Kitabu hakikubadilika hata herufi moja, ila waliokisifu kwa kuwa ni cha mwanamke wakaanza kukitilia shaka kwa kuwa ni cha askari. Na mwaka ule ule wa 2001 palitoka Ufaransa kitabu cha afisa mwingine wa jeshi la Aljeria, Habib Souaïdia, kinachowashitaki wanajeshi kwa mauaji ya raia na kutesa watu. Moulessehoul alipoulizwa akalitetea jeshi, na mwaka uliofuata akaandika kitabu kizima kuwajibu waliomhujumu. Kijana wangu fundi wa simu akapiga paja. "Nilisema!"

Msomaji mwema, hapa ndipo nilipoona kuwa elimu ya vyuoni kwetu si bure katika jambo hili. Kusifu kitabu kwa kuwa umemdhania mwandishi ni mwanamke, kisha ukakishutumu kwa kuwa umemjua ni askari, yote mawili ni uvivu. Lakini kusema mwandishi asiangaliwe kabisa, kitabu kisimame peke yake, nako ni kughafilika. Sisi tumefunzwa kumtazama mpokezi na kuitazama habari yenyewe, na tumefunzwa kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi wa Minhaj azijua. Ya kwanza, ushahidi wa mwenye uadui juu ya adui yake haukubaliwi, hata akiwa mkweli katika mambo mengine. Ya pili, mtu akikiri juu ya nafsi yake kukiri kwake ni hoja yenye nguvu kuliko mashahidi. Najua riwaya si ushahidi wa mahakamani, na mtunzi hakuapa. Walakin riwaya ya namna hii huingia moyoni mwa msomaji kwa mlango ule ule wa ushahidi. Mtu akiifunga husema, "Ndivyo ilivyokuwa Aljeria." Basi na ipimwe kwa mizani hiyo.

Anaposema juu ya waliokuwa wakimpiga risasi, huyu ni hasimu wao. Sisemi amewasingizia, kwani waliyoyafanya yanajulikana na makaburi yapo. Nasema kwamba juu yao kalamu yake ni ya mtu wa upande wa pili, na ndiyo sababu wamekuwa kitabuni vivuli na mazimwi, wana majina ya mzaha na nyuso za kutisha, na huoni hata mmoja wao akiwa mtoto wa mtu aliyeanza vipi akafika pale. Hiyo ni kasoro ya utunzi kabla haijawa kasoro ya uadilifu. Muuaji asiyeeleweka hamfunzi msomaji kitu juu ya muuaji wa kesho.

Anaposema juu ya watu wake, juu ya wakubwa wa serikali na matajiri walioota katika kivuli chake, waliofanya vita kuwa biashara, huyo ni mtu anayekiri. Afisa aliyekuwa bado na sare mwilini aliandika kuwa uchafu umo ndani ya nyumba yake. Hakuwa na faida katika hilo, na alijificha nyuma ya jina la mkewe kwa kuogopa. Hapa ndipo kitabu kina nguvu yake, na hapa hata kejeli zake, ambazo kwengine zanichosha kwa kuwa hawezi kumtaja mtu mnene pasi na kumtukana unene wake, zakaa mahali pake. Anapomwingiza Llob katika jumba la Ghoul Malek, na kamishna mtu mzima asimamishwa kama mtumwa, binti yangu aliacha kusoma akasema, "Baba, huyu nimewahi kumwona ofisini." Sikumwuliza ni ofisi gani.

Basi kijana wangu ana nusu ya haki. Polisi wa kitabu ametakaswa, na mwandishi ana sababu ya kumtakasa. Lakini lau angalikuwa anataka tu kuipaka serikali rangi nzuri, asingalimpeleka polisi wake mpaka kwenye mlango ule.

Ningaliweza kukomea hapa, lakini kuna swali lililoulizwa ukumbini, si barazani, na lilinishinda yote yaliyosemwa na wanaume.

Binti yangu alikuwa akiwahadithia wanawake kitabu hiki alasiri, kidogo kidogo, wakichambua mchicha. Katika hao yuko mama wa mtaa wetu ambaye mwanawe alitoka kwenda kuswali Magharibi miaka kadha nyuma na hakurudi. Hajui hata leo kama alivutwa na wale wanaowaahidi vijana pepo ng'ambo ya mpaka, au alichukuliwa njiani na watu wa gari. Hana kaburi la kulizuru wala hana habari ya kuitumaini, na eda ya mkewe kijana haijulikani ianze lini. Mama huyu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mama zao wale vijana, wamo humo kitabuni?"

Hawamo. Nimerudi na binti yangu kurasa kwa kurasa. Wako wake wanaoomboleza waliouawa, na hilo ni haki yao, lakini mama wa kijana aliyechukuliwa na watu wa dola asionekane tena, huyo hana mlango katika riwaya hii. Na Aljeria walikuwako kwa maelfu. Tangu mwaka 1998 walikuwa wakikusanyika Algiers kila Jumatano, wameshika picha za wana wao, wakisimama mbele ya ofisi ya serikali inayohusika na haki za binadamu, wakiuliza jambo moja tu: wako wapi? Sheria za suluhu zilizokuja baadaye, mwaka 1999 na baada ya kura ya mwaka 2005, ziliwasamehe wengi na kuwalipa wengine, lakini swali lile hazikulijibu.

Mtu atasema, kitabu kilitoka kabla ya Jumatano hizo. Kweli. Lakini watu walianza kupotea miaka mingi kabla, na kamishna wa polisi, tena mtunzi wa riwaya mwenye macho makali kama Llob, hakuweza kutopita mbele ya mama hata mmoja katika ngazi za kituo. Polisi huyu aona kila kitu isipokuwa anayekuja kumwuliza yeye. Hilo si la kusahau. Ni mahali ambapo mwandishi alifika akageuza uso, na ndipo naona afisa amemshinda mtunzi.

Yuko na wa pili ambaye hayumo. Novemba 1993 Sheikh Muhammad Bouslimani wa Blida, katika waasisi wa jumuiya ya Al-Irshad wal-Islah, alitekwa nyumbani kwake na kundi la wenye silaha. Walimtaka atoe fatwa ya kuyahalalisha mauaji yao. Alikataa, nao wakamuua, na mwili wake ukapatikana Januari 1994. Mtu huyu alikuwa hai katika nchi ile ile, miaka ile ile, wala hakuwa pekee. Simkuti katika Morituri mtu mwenye uzito wa namna yake: mwenye elimu ya dini, asiye mtu wa serikali, ambaye kwa elimu hiyo hiyo asema hapana. Upande mmoja pana kamishna na bastola yake, upande wa pili pana wachinjaji na maneno yao, na dini yaachwa mikononi mwa wachinjaji kama kwamba ni mali yao. Mzee wangu wa bandari alihisi jeraha hili, ila aliliweka mkono pasipo. Kitabu hakikumtukana Muislamu kwa kumwonyesha mnafiki. Kimempunguzia haki yake kwa kutomwonyesha aliyemkabili mnafiki huyo pasi na silaha.

Sisi wa pwani hatuwezi kukisoma kitabu hiki kama anavyokisoma mtu wa Paris ndani ya treni. Tuliyaona ya Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam, tukayaona ya Garissa mwaka 2015, na kati ya hayo tulizika Mombasa, mwaka 2014, katika muda usiotimia miezi mitatu, masheikh wawili waliopigwa risasi, waliokuwa hawapatani kabisa katika mawazo yao. Nyumba zetu zajua ni nini mtu kuogopa pande mbili kwa wakati mmoja. Hofu hiyo Moulessehoul anaijua vizuri, na anavyoiandika hofu ya asubuhi, ya mtu anayefunga kifungo cha shati huku akisikiliza ngazi, sijasoma iliyo bora.

Kuhusu nani asome, wazazi wameniuliza. Kwa mtoto wa chuo sikubali. Mna vilabu, mna lugha ya mitaani, na mna maiti zinazoelezwa zaidi ya haja. Kwa kijana aliyekwisha kubaleghe na akili yake imetulia, na asome, ila asiachiwe peke yake nacho. Na asimuliwe, katika kikao hicho hicho, habari ya Sheikh Bouslimani na ya akina mama wa Jumatano, kwa kuwa kitabu hakitamwambia. Aliyetaka kifasiriwe namwambia yataka mfasiri hodari sana, kwani kejeli ile ikitiwa katika Kiswahili na asiye na ulimi itakuwa matusi matupu.

Kuchoma, hapana. Na nadhani hata mzee wangu ameliacha shauri hilo, kwa kuwa kitabu sasa kiko kwake. Alikuja kukichukua mwenyewe, akasema ataka kuhakikisha lile jina la Abou Kalybse limeandikwaje. Hii ni wiki ya pili, na kila nikimwuliza huniambia bado hajafika mahali penyewe.